Mpiga Makasia Aliyetolewa Ukutani

"Aliyelikata bango hili hakuwa na hasira," alisema Sajini Ostrander.

Bwana Hollis Pruyn, katibu wa kamati ya mashindano ya makasia, alikuwa nyuma yake akigongagonga ncha ya mwavuli chini.

"Hili ni la sita, Sajini. Mtu akiharibu vitu sita vya wenzake, huko kwenu polisi mnaita nini? Mapenzi?"

"Inategemea ameviharibu vipi."

Walikuwa kwenye ukuta wa ghala la nafaka, mkabala na kivuko cha Poughkeepsie. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika alfajiri, na mto Hudson ulikuwa umetulia, wa kijivu, mpana. Jioni ya kesho yake mashua za vyuo zingepita hapo zikielekea chini ya daraja la reli, nusu ya mji ikiwa ukingoni na nusu nyingine juu ya treni ya watazamaji, ile inayokimbia sambamba na mashua huku watu wakipigiana kelele kama wamelishwa pilipili. Ilikuwa Juni ya 1923, na hakukuwa na dirisha la duka wala ukuta mjini usio na bango la mashindano.

Lilikuwa bango zuri. Hata Ostrander, mtu wa miaka hamsini na ushei asiyetazama picha ila za wahalifu, alikuwa amesimama mbele yake zaidi ya mara moja. Nyuma, katika ukungu wa asubuhi, vijana wanane walikuwa wameibeba mashua yao vichwani wakishuka majini. Mbele kabisa, mkubwa kuliko wote, alisimama mpiga makasia mmoja amempa mtazamaji mgongo. Alikuwa amevaa fulana rangi ya damu ya mzee, kasia begani, akiutazama mto. Au ndivyo ilivyokuwa. Hapo ukutani mtu huyo hakuwapo tena. Palikuwa na tundu lenye umbo lake, na ndani yake matofali.

"Fulana ya Harcourt," alisema Bwana Pruyn. "Chuo changu mwenyewe. Wavulana wameshaanza kunong'ona kuwa ni nuksi, kwamba mmoja wao hatarudi kutoka mtoni. Wawili hawakugusa chakula asubuhi. Na yule mpiga makasia wa chuo cha Wexley mmemshika jana, kisu mfukoni, amesimama mbele ya bango la tano. Unataka nini tena? Nimeshamwandalia barua kocha wao. Saa kumi leo anafutwa kwenye kikosi."

"Saa kumi bado mbali," Ostrander alisema, akachuchumaa.

Mvua ilikuwa imelishika bango lile kwa nje. Pembe zake mbili zilikuwa zimebanduka na zilikuwa zikipepea. Lakini ukingo wa lile tundu, kuzunguka kote, kichwa, mabega, kasia hadi visigino, ulikuwa umeng'ang'ania ukuta kama ngozi. Alijaribu kuingiza ukucha. Haukuingia.

"Bwana Pruyn, hebu niambie. Mtu anakuja kukutukana. Anakata bango lako. Halafu kabla hajaondoka, anapaka gundi mpya kwenye ukingo wa alipokata, ili upepo usikuchanie kilichobaki. Umewahi kutukanwa hivyo?"

Bwana Pruyn aliinama akatazama.

"Na angekuwa ana ugomvi na Harcourt, ile bendera iliyochorwa pale juu ina herufi ya chuo kubwa kama mlango. Haikuguswa. Angekuwa anamchukia mtu, angemkwaruza uso. Huyu hana uso. Alichokichukua ni mgongo."

Alikwangua kidogo ile gundi kwa ukucha wa kidole gumba, akaiweka kwenye kipande cha karatasi, akaielekeza kwenye mwanga. Gundi ya wabandika mabango huwa ya unga, ikikauka hugeuka manjano. Hii ilikuwa nyeupe, na ndani ya weupe ule mlikuwa na ubuluu mdogo sana, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

---

Kijana wa Wexley aliitwa Tobias Lindqvist. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kitanda cha mahabusu kilimwishia magotini, na viganja vyake vilikuwa vimejaa sugu za makasia. Sahani ya mayai ilikuwa kando yake, haijaguswa.

"Kula," alisema Ostrander akivuta kiti. "Mtu mwenye njaa hudanganya vibaya."

"Sidanganyi, bwana."

"Basi kula hivyo hivyo."

Kijana alichukua uma. Baba yake, alieleza huku akitafuna, alikuwa njiani kutoka Minnesota. Mkulima, hajawahi kupanda treni zaidi ya kituo kimoja, na sasa amekaa kwenye treni siku mbili kuja kumwona mwanawe akipiga makasia. Akifika akute jina lake limefutwa, na sababu ni kisu.

"Ulikwenda kufanya nini nyuma ya hoteli, kwenye lile bango la tano?"

Masikio ya Tobias yaliwiva. "Wenzangu walinitania kwamba siwezi. Nilitakiwa niikate ile herufi ya Harcourt niibandike kwenye mlango wa kocha wetu. Mzaha tu. Nilipofika nikakuta bango lina tundu. Nikashangaa. Wakati ninashangaa ndipo konstebo akanishika shati."

"Kisu kiko wapi?"

Konstebo alikileta. Ostrander alikifungua, akachukua gazeti la juzi, akakata mduara. Karatasi ilichanika kama imetafunwa na panya. Makali yalikuwa yameliwa mapengo.

"Hiki unakatia nini?"

"Jibini. Na kamba za mashua."

"Huwezi kumkata mtu shingoni kwa hiki," alisema sajini, kisha akaongeza alipoona kijana ameacha kutafuna, "mtu wa karatasi, namaanisha. Yule amekatwa kwa wembe, tena na mkono usiotetemeka. Sasa nisikilize. Uliligusa bango?"

"Niliweka kiganja pale palipokuwa wazi. Kwenye matofali."

"Palikuwaje?"

Tobias alifikiri. Hakuwa mwepesi, lakini alikuwa mkweli, na Ostrander alimpa muda.

"Palikuwa na maji. Na jana jioni mvua ilikuwa bado. Halafu palikuwa na joto, bwana. Nilidhani nimechanganyikiwa. Ukuta ulikuwa na joto kama mtu. Na kulikuwa na harufu."

"Ya nini?"

"Sijui niseme vipi. Harufu ya Jumapili. Mama akikupa shati ukavae kanisani, limetoka kwenye pasi sasa hivi."

Ostrander alisimama. "Maliza mayai hayo," alisema.

---

Dobi mkubwa wa mji, yule mwenye mitambo ya mvuke, alikuwa Mjerumani aitwaye Gruber, mtu wa masharubu na malalamiko. Alikichukua kile kipande cha karatasi, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Wanga wa nguo," alisema. "Umetiwa buluu. Si wangu. Mimi natia buluu kwenye maji ya mwisho, kama watu wenye akili. Kwenye wanga wenyewe, mjini hapa ni mtu mmoja, na ameniibia wateja wote wa mtoni. Vyuo vinne vinampelekea fulana na mashati. Ukivaa shati alilofua huyo mama, watu wanafumba macho."

"Nani?"

"Keziah Deyo. Mtaa wa Catharine, kule karibu na kanisa la weusi." Alirudisha ile karatasi. "Ana nini?"

"Shati zuri, kama ulivyosema."

Kutoka kwa Gruber hadi Mtaa wa Catharine, Ostrander hakufuata njia fupi. Alianzia kwenye mabanda ya mashua, mahali dobi angechukulia nguo chafu, akapanda kilima taratibu. Bango la kwanza lililokatwa lilikuwa kwenye kona ya kiwanda cha mapipa. La pili kwenye ua wa kanisa la Wadachi. La tatu, la nne, hoteli, ghala. Yote yalikuwa kwenye njia moja, njia ya mtu anayekwenda mtoni na kurudi akiwa na mzigo, na ambaye ndani ya mzigo huo anaweza kuwa na birika la maji moto ya kulainishia gundi, lililofunikwa kwa taulo, bila yeyote kumsimamisha. Mabango ya barabara kuu, yaliyo mengi zaidi na rahisi kuyafikia, hakuna hata moja lililoguswa.

Alivua kofia kabla hajabisha.

---

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mikono mipana iliyoiva kwa mvuke. Nyuma yake mashati ya wanachuo yalining'inia safu kwa safu, mpaka jikoni kukaonekana kama kumejaa vijana waliosimama kimya.

"Bi Deyo?"

Mwanamke alimtazama vizuri. Hawakuwa wengi, katika polisi wa mji ule, waliompa heshima hiyo.

"Umekuja na nguo au umekuja na maswali, Sajini?"

"Maswali."

"Basi ingia. Ungekuja na nguo ningekwambia urudi Jumatatu." Alikuwa ameshageuka. "Utaniwia radhi, siachi kupiga pasi. Ina moto wake, nikiuacha upoe ni kazi mara mbili."

Ostrander alikaa alipoonyeshwa. Aliitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza, pembeni ya bakuli la wanga ambao bado ulikuwa unatoa moshi. Rangi ni ile ile. Wala hakuhitaji kusema. Keziah Deyo aliitazama karatasi, akalitazama bakuli, akaendelea na kola aliyokuwa nayo mpaka akaimaliza.

"Nilipaka nyingi mno," alisema. "Nilijua. Lakini lile bango ni zuri, nisingeweza kuliacha lichanike."

"Wako wapi, mama?"

Aliikalisha pasi juu ya jiko, akafuta mikono, akafungua droo ya kabati. Juu palikuwa na kitambaa cha meza kilichokunjwa. Chini yake, katikati ya mashuka mawili meupe, walilala wapiga makasia watano, wamenyooshwa, wakavu, hata mkunjo mmoja hakuna. Wa sita alikuwa bado ubaoni, chini ya taulo, anakauka.

Ostrander aliwatazama. Migongo sita. Makasia sita.

"Niambie ni nini hiki," alisema kwa upole.

"Si hiki. Ni huyu. Na si sita, ni mmoja." Aligusa bega la mmoja wao kwa nyuma ya kidole. "Huyu ni Lemuel. Mume wangu. Nilimzika Februari."

Sajini alimkumbuka Lemuel Deyo, kwa mbali, kama mtu anavyomkumbuka mtu aliyekuwapo siku zote. Fundi wa makasia wa banda la Harcourt, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akionekana mapema asubuhi katikati ya mto, peke yake, akijaribu kasia alilolitengeneza.

"Bi Deyo. Mtu aliye kwenye picha hii ni mzungu."

"Rangi ni ya mchoraji," alisema. "Mgongo ni wa kwangu."

Alisema bila ukali, kama anavyosema mtu anayekuonyesha nyumba yake ilipo. Kisha akainama juu ya karatasi.

"Tazama bega la kushoto, liko chini ya la kulia. Ni barafu hiyo. Tangu ana miaka kumi na minne alikuwa akibeba mapande ya barafu yaliyokatwa mtoni kila msimu wa baridi, bega likaenda na halikurudi. Tazama shingo. Tazama mguu huu, alivyoulaza ubavu juu ya mwenzake. Akisikiliza kitu ndivyo alivyosimama. Ukimwona amesimama hivyo kanisani, ujue mahubiri ni mazuri. Akiweka miguu yote chini, mchungaji amechapia." Akainuka. "Ukilala nyuma ya mgongo wa mtu miaka ishirini na minne, Sajini, hakuna wa kukuchorea ukaukosa. Hata wakimpaka kijani."

"Ulijuaje? Alikwambia?"

"Hakuniambia kitu. Kiangazi cha mwaka juzi alichelewa kurudi jioni kadhaa, nikamwuliza, akasema anasaidia mtu. Basi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa napanda kutoka mtoni na kapu langu, nikainua macho pale kiwanda cha mapipa, nikamwona amesimama ukutani. Niliweka kapu chini. Nadhani nilimsemesha."

"Huna picha yake?"

"Hakuna hata moja. Siku moja kanisa lilipigwa picha kwenye pikiniki. Kila mtu alikaa tuli isipokuwa yeye, nyuki alimpitia sikioni. Akatoka kama moshi." Alitaka kutabasamu, akashindwa. "Nilikwenda ofisi ya kamati, mlango wa mbele, nimevaa kofia. Nikaomba bango moja. Karani akasema ni ya wapenzi wa mchezo. Akaniuliza nataka la kutandikia rafu za vyombo. Nikatoka."

Nje garimoshi la mizigo lilipita, mashati yakatikisika kwenye kamba.

"Ungechukua moja ukakaa nalo," alisema Ostrander. "Pengine nisingekuja kamwe."

"Moja ndilo nililotaka. Nilijiambia ni moja tu." Alilifunika bango la ubaoni tena kwa taulo, akalipapasa lilale sawa. "Usiku wake ikanyesha mvua. Nikalala nikijua nimemleta mmoja ndani na wengine nimewaacha nje. Mimi na Lemuel tumegombana kama watu wote, Sajini. Lakini hata siku ile aliyouza meza ya mama yangu sikumfungia mlango mvuani. Basi kila nikipita, nikiweza, nikawa namchukua. Jana niliona mawingu, nikachukua wawili, wa hoteli na wa ghala. Barabara kuu sipiti. Huko wako wengi, najua, ndiyo maana silali."

Ostrander alizungusha kofia mikononi. Kazi ilikuwa imekwisha. Alichobakiza ni kitu kimoja, na alijua kikishasemwa hakitarudi.

"Kuna kijana mahabusu kwa ajili ya jambo hili," alisema. "Mpiga makasia wa Wexley. Saa kumi wanamfuta kwenye kikosi. Baba yake yuko njiani kutoka Minnesota."

Kwa mara ya kwanza mikono ya Keziah Deyo haikuwa na la kufanya.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na wewe unanikalisha hapa tunapiga soga." Alikuwa ameshafungua aproni. Alichukua kofia nyeusi msumarini, akaivaa bila kutazama kioo, akaitoa pasi motoni, akawafunga wote sita ndani ya shuka. "Nitaanza na kijana. Hao mabwana wa kamati wenye miavuli watafuata."

---

Tobias Lindqvist alisimama alipomwona mama wa makamo mlangoni, akagonga kichwa kwenye taa.

"Mimi ndiye niliyeyakata," Keziah alimwambia. "Sikujua wamekushika wewe. Nisamehe, mwanangu."

Kijana alimtazama sajini, kisha yeye. "Si neno, mama," alisema. "Hata mimi nilikwenda kukata. Ulinitangulia tu."

"Ulitaka kukata nini?"

"Herufi."

"Kwa kile kisu chako cha jibini?" aliuliza Ostrander. "Ungekuwa pale mpaka leo."

Alimwambia avae viatu aende, kocha wake anamngoja mtoni, na alipomwona ameduwaa akamfungulia mlango mwenyewe. Kesho yake jioni Wexley wangemaliza wa tatu, na Tobias angeivua fulana yake na kumkabidhi mshindi, kama desturi ilivyo, huku mkulima mmoja wa Minnesota akiwa amesimama juu ya kiti cha treni bila sauti iliyobaki kooni.

Bwana Pruyn alifika kabla ya saa kumi, mkononi ana ile barua yake. Alikuwa na mgeni, mtu mwembamba mwenye suti ya kitani na vidole vyenye madoa. Bwana Lucius Marchbank, alimtambulisha, mchoraji wa bango, amekuja kutoka New York kutazama mashindano na amesikitika sana kusikia kazi yake imekatwakatwa.

"Aliyekata ni huyu hapa," alisema Ostrander. "Bi Keziah Deyo."

"Dobi?" alisema Bwana Pruyn. "Huyu ni dobi wetu. Harcourt tunampa kazi sisi. Mfungie, Sajini, na nguo zetu tutazitafutia mtu."

"Nitamfungia ukinipa malalamiko kwa maandishi. Lakini kwanza nataka kumwuliza Bwana Marchbank swali moja." Alilifungua shuka jeupe juu ya meza. "Huyu ni nani?"

Mchoraji aliitazama ile migongo iliyopangwa, iliyonyooshwa. Kisha akamtazama mwanamke mwenye kofia nyeusi. Wekundu ulimpanda shingoni mpaka masikioni.

"Wale wavulana hawakutulia," alisema hatimaye. "Dakika mbili, wameanza kusukumana. Kulikuwa na fundi pale bandani. Nilimwomba asimame, akasimama. Alisimama jioni nne, kama mti. Anaitwa Lemuel."

"Aliitwa," alisema Keziah.

Mchoraji alivua kofia.

"Na hii rangi?" aliuliza sajini.

"Hakuna aliyeniambia niibadilishe. Nilijua bango la vyuo linavyotakiwa liwe. Nikaibadilisha mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ndiyo picha bora niliyowahi kuchora. Kila mtu ananiambia hivyo, na kila akiniambia ninaona aibu."

Ostrander alivuta karatasi, akachovya kalamu, akaisukuma kwa Bwana Pruyn. "Malalamiko yako, bwana. Andika mali iliyoharibiwa ni picha ya nani, na mlalamikiwa ni nani wake. Vijana wa gazeti huja hapa saa kumi na moja kusoma kesi za siku. Watapenda hii."

Bwana Pruyn aliishika kalamu. Aliitazama migongo ile, tena kwa muda, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Lemuel Deyo alikuwa amemtengenezea kasia lake la kwanza.

"Wavulana niwaambie nini?" aliuliza. "Wanadhani ni nuksi."

"Waambie mtu amemchukua mume wake nyumbani. Hakuna nuksi hapo."

Aliiweka kalamu chini. Alikohoa, akasema kamati inaweza kumpa Bi Deyo bango moja zima, jipya, katika fremu.

"Nashukuru," alisema Keziah. "Lakini hao wengine siwajui."

Bwana Pruyn aliagana na watu, akatoka na barua yake ikiwa imekunjwa mara nyingi. Mchoraji alibaki. Alisema alikuwa na michoro mingine ya Lemuel, iliyochorwa kwa makaa, kule New York, ya uso pia, na hiyo hakuibadilisha chochote. Angemtumia yote.

"Utaleta mwenyewe," alisema Keziah. "Posta wanakunja."

"Nitaleta mwenyewe."

Alikuwa amewakusanya wapiga makasia wake, anawarudisha ndani ya shuka mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa wa mwisho mkono ulisimama.

"Jioni nne," alisema. "Kwangu alikuwa anaweza kumaliza wiki na maneno kumi. Wewe alikusemesha nini?"

"Mambo madogomadogo, mama. Makasia. Mto." Marchbank alisitasita, akamtazama sajini kama anayeomba ruhusa, na sajini akaangalia dirishani. "Siku moja aliongea juu ya samaki. Alisema mke wake anatia chumvi nyingi kwenye samaki. Kwamba usiku huamka kunywa maji, miaka yote hiyo, na hajawahi kumwambia. Akaniapisha nisiseme."

Keziah Deyo aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na mchoraji alinyoosha mkono kwa hofu, akidhani amemliza. Hakuwa analia. Alicheka mpaka ikabidi ashike meza.

"Mwongo mkubwa," alisema alipopata pumzi, akijifuta macho kwa kiganja. "Na sahani alikuwa anairudisha niijaze mara ya pili."

Akavuta kiti, akaketi mkabala na mchoraji, akaliweka lile shuka mapajani.

"Haya, bwana," alisema. "Nini kingine?"